Kilo 51 na baiskeli ya kaboni: msinichagulie kwa macho

Kimya kingi najua... testi ndo zilitubana. Leo niandike kuhusu ule mjadala wetu wa kantini, maana umekuwa mrefu na kila mtu kawa mtaalamu wa baiskeli ghafla.

Kwa ambao hawakuwepo: kuna dalali mjini Moshi ana baiskeli mbili za resi, mtumba wa Ulaya, zote fremu ya kaboni. Mimi nina hela ya mpunga niliyogawiwa nyumbani Mabogini. Ikitoka imetoka, hakuna nyingine mpaka mavuno yajayo. Washkaji karibu wote mnasema nichukue ile nyeusi yenye rimu nene kama za Tour de France. Mi nasema hapana! Mnaongea kama vile wote tuna uzito sawa. Mi nina kilo 51, tena nikiwa nimeshiba.

Kuna kambi nyingine inasema "we mwepesi, kaboni ya nini? Waachie wanene." Hawa wamegeuza hesabu kichwa chini. Phoenix ya mzee ni kilo 20 hivi, kaboni ya kawaida ni kilo 8. Tofauti ni 12, zaidi ya nusu ya ndoo kubwa ya maji. Mimi na Phoenix ni kilo 71, mimi na kaboni ni 59: nimepunguza asilimia 17. Jamaa wa kilo 90 anatoka 110 kwenda 98, asilimia 11 tu. Na mlimani nguvu karibu yote inaenda kuinua uzito mzima, wako na wa chuma. Kutoka huku kwetu chini ya mita 800 hadi geti la Marangu lililo juu ya mita 1,800, hiyo ndoo utaisikia kila kona.

(Hata sheria haijatufikiria. Tangu 2000 chama cha dunia, UCI, kinataka baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, uwe na kilo 52 au 75. Kwa wa 52 hiyo ni asilimia 13 ya mwili wake, kwa wa 75 ni 9. Uonevu mtupu.)

Sasa kwa nini nakataa ile nyeusi? Rimu. Barabara ya kwenda TPC mnaijua, mpunga wazi kisha miwa, na upepo ukija unakuja wa ubavuni. Rimu ya milimita 50 ni tanga. Mtu wa kilo 90 atatikiswa kidogo, mimi nitahamishwa upande, na upande huo kuna lori. Mnaona inavyopendeza ikiwa imeegemezwa ukutani, lakini mimi siendi kuiegemeza.

Halafu ugumu. Fremu nyingi za mashindano zimetengenezwa ngumu ili mtu mwenye nguvu zake asizipoteze kwenye kunesa. Mwepesi hana nguvu ya kuzinesha, anachopata ni mtikisiko wa mifupa. Dawa ni tairi pana, 28 ikiingia, na upepo mdogo. Mimi kwenye 28 natosheka na kama PSI 60. Shida mafundi wetu wanajaza mpaka tairi linalia kama ngoma, ndo wanaona wamekutendea haki.

Gia nazo: ile nyeusi ina 53 na 39 mbele, nyuma mwisho 25. Hiyo ni ya wababe. Mi nataka 34 mbele na 32 nyuma. Msicheke... Mnakumbuka Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya kwanza Afrika? Wanaume walipewa kilomita 267.5 na vilima juu ya vilima. Pogačar alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Hao ni watu wa kulipwa.

Jambo linaloniogopesha hasa ni nyufa. Chuma kikipinda unakiona, na fundi yeyote wa Pasua anachomelea. Kaboni inaweza kuwa imepasuka ndani huku nje inang'aa, kisha ikaachia siku unashuka Marangu kwa kasi. Mtumba haukwambii ulianguka wapi. Unagonga na sarafu taratibu: pazima panalia kavu, palipokufa panalia butu. Sio kipimo kamili ila ni bora kuliko macho. Unaangalia panapokaa ekseli ya pedeli, shingo, tundu la siti, na uma wa mbele. Rangi mpya sehemu moja tu? Rudisha hela mfukoni. Dalali akikataa usitoe siti na magurudumu, mwage kwaheri.

Kwa hiyo mi nipo upande wa ile nyekundu iliyopauka. Ndogo kwa urefu wangu, rimu fupi, mikono ya pedeli mifupi, gia laini. Ni nzito kilo moja zaidi, sawa, lakini kilo moja kwenye 59 haifiki hata asilimia 2. Uma wake ukilia butu nachukua aluminiamu, nabaki na chenji ya kula.

Jumamosi saa tatu asubuhi naenda kwa dalali na tochi na sarafu ya mia mbili. Anayekuja aje na funguo zake za alen, na asimsifie dalali rangi ya ile nyeusi, bei itapanda.