Utafiti wa Ziwa na Haki ya Mvuvi Kuuelewa

Mtaani Manyatta, Kisumu, nilikozaliwa na kulelewa, wapo watu wengi ambao hawajawahi kutia mguu katika mashua lakini hula, huvaa na kusomesha watoto kwa riziki ya ziwa. Mama anayepima omena kwa gorogoro kando ya barabara, kijana anayebeba magunia sokoni Kibuye, mkaangaji wa mgongo wazi: wote hawa hulitazama ziwa kama mkulima atazamavyo mawingu. Kwa miaka mingi, sheria ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai. Miezi hiyo ifikapo, bei ya gorogoro hupanda na sufuria nyingi mtaani hubadilika harufu.

Miaka michache iliyopita, jirani yetu mmoja, mzee aliyevua omena usiku kwa taa za karabai tangu ujana wake, alinijia na karatasi aliyopewa na afisi fulani. Ilikuwa muhtasari wa utafiti uliotetea kufungwa huko kwa uvuvi, nao ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza. "Wewe ndiwe mwalimu wetu," aliniambia. "Hebu nisomee hii kwa Kiswahili." Nilianza kwa madaha. Kufikia sentensi ya tatu nilikuwa nimekwama. Nilijua vina na mizani, nilijua sitiari na taashira, lakini sikuwa na neno la kumwelezea uzito wa jumla wa samaki waliomo majini, wala la kueleza jinsi vifaranga wanavyokua hadi wakaingia katika hesabu ya samaki wa kuvuliwa. Mzee alinisubiri, kisha akauliza: "Mwanangu, mimi huona omena wenye mayai hata Disemba. Mbona wafunge Aprili?" Sikuwa na jibu.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba utafiti wa uvuvi usiomfikia mvuvi kwa lugha aielewayo ni utafiti uliofanywa nusu. Aidha, sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunayo sehemu yetu ya lawama.

Sisemi haya kwa kuwabeza wanasayansi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iitwayo kwa kifupi KMFRI, iliundwa mwaka 1979 na ina kituo papa hapa Kisumu. Tangu 1999, watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekuwa wakiwakadiria samaki wa Ziwa Victoria kwa mwangwi: chombo hutuma sauti majini, sauti hugonga samaki na kurudi, na kutokana na mrejeo huo wataalamu hukisia wingi wao. Tangu 2000, mashua, wavuvi na nyavu pia zimekuwa zikihesabiwa kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Kazi hii huunganishwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, ambalo mkataba wake ulitiwa sahihi Kisumu Juni 30, 1994. Matokeo ya tafiti kama hizi ndiyo hutetea sheria zinazombana mvuvi: asitumie nyavu zenye macho madogo, asiuzie kiwanda mbuta wa chini ya sentimita 50. Bila utafiti tungekuwa tunavua gizani.

Hata hivyo, historia inatuonya. Mnamo 1927 na 1928, Mwingereza Michael Graham aliongoza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi katika ziwa hili. Ripoti yake ya 1929 ilipendekeza nyavu za kuvulia ngege zisiwe na macho ya chini ya inchi 5, kwa kuwa samaki hao walikuwa wameanza kupungua. Vilevile alitahadharisha juu ya kuleta samaki mgeni mla wenzake. Mwaka 1960, mwanabiolojia Geoffrey Fryer alichapisha makala ya kupinga pendekezo la kumleta mbuta. Wenzake wengine walishikilia kwamba mbuta angeleta faida. Mbuta aliletwa. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwani, na aina nyingi za fulu, zinazokisiwa kuwa takriban 200, zikatoweka au zikawa adimu mno. Ni kweli kwamba mbuta huyo huyo alileta viwanda na fedha za kigeni. Lakini tujiulize: mjadala huo wa 1960 ulifanyika kwa lugha gani, na katika kurasa zipi? Mvuvi wa Dunga, ambaye fulu walikuwa kitoweo chake, hakuwamo barazani. Uamuzi mkubwa kuliko yote juu ya ziwa lake ulipita juu ya kichwa chake.

Labda mtu atasema kwamba ndivyo sayansi ilivyo, kwamba lugha yake ni moja. Na tutazame mwisho wa dunia, katika bahari inayoizunguka Antaktika. Huko hakuna mji wala kijiji cha wavuvi. Kuna pengwini, sili, nyangumi na uduvi wa baharini ambao wote hao huwategemea kwa chakula. Uvuvi wa huko husimamiwa na tume iliyotokana na mkataba wa 1980, yenye makao Hobart, Australia, ambayo huongozwa na kamati yake ya wanasayansi. Tume hiyo ina lugha rasmi 4: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Ikiwa bahari isiyo na wenyeji yaweza kusemwa kwa lugha nne, ziwa linalolisha mamilioni ya watu linashindwaje kusemwa kwa lugha mbili? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma ushiriki katika kusimamia mazingira. Mtu hushiriki vipi katika jambo asiloelezwa?

Pingamizi la kwanza ni kwamba wavuvi wa Kisumu ni Wajaluo, basi waelezwe kwa Dholuo. Naafiki kabisa waelezwe kwa Dholuo. Lakini ziwa ni la nchi tatu, na Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo lake. Samaki mmoja huitwa omena kwetu, dagaa Mwanza na mukene Uganda. Sheria inayokusudiwa kumlinda samaki huyo mmoja yahitaji lugha ya kuvuka mipaka, na Kiswahili tayari husikika katika fuo na masoko mengi ya samaki.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Isitoshe, wananchi hawakutusubiri. Viwanda vilipoanza kuchukua minofu ya mbuta na kuacha mifupa, wanawake wa Kisumu waliikaanga, wakaiuza na kuiita mgongo wazi. Neno hilo halikupitishwa na kamati yoyote, wala hakuna anayehitaji kulifafanuliwa.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: mvuvi hutumia wavu haramu kwa sababu ya njaa, na tafsiri haitajaza sufuria. Nakiri. Lakini sipendekezi tafsiri ili mvuvi atii tu. Napendekeza ili aweze kubisha. Swali la mzee wa Manyatta halikuwa la kipuuzi, kwani omena hutaga mayai mwaka mzima, japo vipo vipindi vya kilele. Huenda watafiti wanalo jibu zuri. Huenda pia wangejifunza kitu kwake. Maadamu hawasemezani, hatutajua.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila ripoti inayozaa sheria ya uvuvi iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, usomwe ufuoni mbele ya wavuvi na wachuuzi. Pili, idara zetu zikubali tafsiri ya maandishi ya kisayansi, pamoja na uchambuzi wake, kuwa mada halali ya tasnifu ya uzamili. Maseno na Bondo ziko karibu na ziwa. Hakuna sababu ya wanafunzi wa huko kuandika juu ya ushairi tu. Tatu, vyama vyetu vya wanafunzi vikusanye msamiati wa wavuvi, wa nyavu, pepo na samaki, kutoka fuo za nchi zote tatu, kabla wazee hawajaondoka nao.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi na nitabaki kuwa hivyo. Ila nimeichukua upya ile karatasi, na ninaitafsiri polepole nikisaidiwa na rafiki anayesomea elimu ya samaki. Mzee bado yuko Manyatta, na bado anangoja kuelezwa kwa nini ni Aprili.