PAMBA YETU IANGALIWE MCHANA KWEUPE

Ndugu wanachama, msimu huu maneno yamekuwa mengi pale mizani. Mtu anafikisha gunia jioni, jua limeshazama, karani anawasha tochi, anapekua juu juu, anasema: "Hii fifi." Kesho yake jirani analeta pamba ya shamba la mpaka mmoja, saa nne asubuhi, inaandikwa safi. Sisi hatusemi karani ni mwizi. Tunasema macho ya binadamu kizani hayaoni rangi.

Wanaonunua marobota huko nje hawategemei tochi. Wanayo mashine. Pamba hubanwa kwenye kioo, taa zinaimulika kwa mshazari, halafu chombo kinapima mwanga unaorudi. Pamba nyeupe inayong'aa hurudisha mwanga mwingi, hata kufika 80 kwa mia. Iliyonyeshewa shambani ikaota ukungu, au iliyojaa majani, hurudisha kidogo. Mashine hiyo hiyo hupima na umanjano, ule unaoletwa na kangambili na kulaza pamba mbichi ghalani. Kule Marekani daraja la rangi hutolewa rasmi kwa mashine tangu mwaka 2000. Kabla ya hapo lilikuwa jicho la mtu, lakini jicho lenye chumba cha mwanga maalumu na masanduku ya mfano.

Fedha ya mashine hatuna, wala hatuidai. Ila taa ya mashine haibadiliki asubuhi na jioni, na hilo tunaweza kuliiga. Meza iwekwe nje ya ghala, penye mwanga, siyo chini ya mwembe. Pembeni yawepo mafungu mawili ya mfano, safi na fifi, yaliyokubaliwa na kamati pamoja na karani. (Yafunikwe, na kila msimu yawe mapya, maana pamba ikikaa hugeuka rangi.) Mwenye gunia asimame pale, aone mwenyewe. Jua likizama, mzigo ulale ghalani kwa stakabadhi mpaka asubuhi.

Na sisi wakulima tusijifiche. Wapo wanaoshindilia fifi katikati ya gunia, wapo wanaonyunyiza maji ili mizani ishuke. Maji hayo ndiyo yanayoleta umanjano. Karani akikuta gunia moja la namna hiyo anatushuku wote, na utamlaumu vipi?

Tumeiomba kamati iliweke jambo hili kwenye mkutano wa Jumamosi. Anayepinga aje aseme pale, siyo kilabuni.