Udongo wa Penga Penga hauponi kwa picha



Tangu 1911 upepo ulisukuma moshi wa kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kuelekea kaskazini-magharibi. Miti ya miombo ikakufa, udongo ukajaa shaba. Leo ku Penga Penga mvua inabeba udongo, na wakati wa kiangazi vumbi inaingia mu manyumba.

Dawa inajulikana. Watafiti wa iniversite ya hapa hapa walionyesha: tia chokaa na mbolea, panda majani yenye kuvumilia shaba, kama Microchloa altera. Lakini kilima, mto na mashamba vinapangwa pamoja. Kupanda miti kumi mbele ya kamera si kazi.

Udongo huu wa zamani ni deni la Serikali. Na kompani za leo, sheria ya mines inazidai garanti ya feza kwa kutengeneza udongo kisha kuchimba. Hizo feza ziko wapi? Sisi tulisomea kazi hii, tuko tunauza unite barabarani.

Tunadai: hesabu zitangazwe, mgodi kwa mgodi. Penga Penga ianze, na vijana wake wapewe kazi.

Hatutanyamaza!