NANI AMEKURUHUSU?



Swali hilo sisi wa Wajir Kusini twalijua kuliko wimbo wa taifa. Mwenye kamera akisimama kiwanjani Diff, mahali pa umma wanapokanyaga ngamia wa kila mtu, huulizwa hilo kabla ya salamu.

Chimbuko lake ni Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, iliyotungwa mwaka 1962 kabla bendera yetu haijapandishwa. Kifungu cha 4 chakataza kutengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa pasipo leseni. Mwombaji hutakiwa aeleze kwa maandishi mandhari atakayopiga na maneno yatakayosemwa. Tafakarini! Mzee wa Diff aandike leo atakavyolalamikia kesho kisima kilichokauka! Na msidhani ni sheria iliyolala: Oktoba 2014, mmoja wa watayarishaji wa filamu ya Stories of Our Lives alikamatwa Nairobi kwa kukosa leseni hiyo.

Wakubwa watatuambia mpaka u karibu. Hatukani. Twawakumbuka watu 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015. Basi kambi ya askari na ilindwe. Ipo sheria ya maeneo yaliyohifadhiwa. Lakini soko la mbuzi limekuwa kambi tangu lini?

Sisi tunayo sababu ya kuogopa giza kuliko kamera. Tangu Desemba 1963 hadi 1991 eneo letu lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakauawa. Serikali ikashikilia kwa miaka mingi kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wanahesabu kwa mamia na maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake 2013, na wajane bado wanabishaniwa idadi ya waume zao. Je, nani angethubutu kubishana na picha?

Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 24 yamtaka anayeubana athibitishe sababu. Mwananchi hadaiwi kuthibitisha kitu.

Twadai Bunge lifute masharti hayo ya leseni, kama lilivyokifuta kifungu cha 2A mwaka 1991. Hadi siku hiyo, afisa atakayezuia kamera mahali pa umma aulizwe kwa adabu: sheria gani, kifungu gani, naye aandike jina lake. Atakayekamatwa kwa kuuliza hivyo atuletee hati ya mashtaka. Tutasimama naye mahakamani, wala hatutamtoza ada.