Masomo bure mtandaoni, krediti ina bei

VYUO vikuu vimekuwa vikitoa masomo ya bure kwenye intaneti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini njia ya kuyageuza kuwa krediti za shahada bado ni nyembamba.

Mwaka 2012, chuo cha Colorado State University-Global Campus, nchini Marekani, kilikubali kutoa krediti kwa waliosoma kozi ya bure ya kompyuta ya kampuni ya Udacity. Mwanafunzi angelipia mtihani tu, dola 89, badala ya ada ya dola 1,050. Mwaka mmoja baadaye, hakuna hata mmoja aliyekuwa amejitokeza.

Chuo cha San Jose State, kikishirikiana na Udacity, kilijaribu kozi za krediti kwa dola 150 mwaka 2013. Katika majaribio ya kwanza, waliofaulu hawakuzidi takriban nusu katika kozi yoyote. Julai, mpango ukasitishwa.

Sababu haijifichi. Mhadhara ukirekodiwa mara moja hutosha maelfu ya watu, ilhali kumsimamia mtahiniwa na kumwinua anayekwama hugharimu mtu kwa mtu. Aidha, ada ndiyo inayoendesha vyuo vingi.

Arizona State ilitafuta njia ya kati mwaka 2015: soma bure, lipia krediti baada ya kufaulu.

Kwa hiyo, kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayewinda shahada aulize kwanza ni chuo gani kitapokea krediti hizo, na kwa ada gani.