Wamepatana, Sisi Je?

Siku hizi Kitengela ukitaka kugombana na mtu kuhusu siasa, utamtafuta umkose. Mwaka 2022 mambo hayakuwa hivyo. Ploti moja ilikuwa na wafuasi wa wilbaro ya Ruto na wa Azimio ya Raila, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo, na asubuhi hatusalimiani. Sisi wa wilbaro tuliambiwa uchumi utajengwa kuanzia chini, kwa mama mboga na mtu wa boda. Sisi wa Azimio tuliambiwa Baba, yaani Raila, yuko karibu kufika Ikulu. Leo tunalalamika kwa sauti moja, maana wakubwa wetu waliishia kula sahani moja na hakuna aliyetuuliza.

Tuanze na mfuko. Jirani anayefanya kazi EPZ, tuseme analipwa shilingi 30,000. Kabla hajaziona, 450 zimekwenda kwa ushuru wa nyumba, 825 kwa bima ya afya na 1,800 kwa akiba ya uzeeni ya NSSF, ambako zamani alikatwa 200. Haki isemwe: sheria hiyo ya NSSF ni ya 2013, na bima ya zamani ingemkata 900, kwa hiyo tusimsingizie Rais kila shilingi. Ila ile 450 ndiyo inayotuchoma. Huyu mtu ni mpangaji. Analipa kodi kwa landilodi, ananunua maji ya mkokoteni kwa mtungi, halafu anachangia nyumba ambayo hajui itajengwa wapi wala itapewa nani. Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 kwamba ushuru huo unakiuka Katiba. Bunge likaurudisha kwa sheria mpya Machi 2024, na safari hii hata asiye na mwajiri akaingizwa. Naam, mama mboga yule yule wa kampeni.

Mafuta nayo? VAT ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa 211.64. Anayepanda matatu kila siku kwenda mjini na kurudi hahitaji kufafanuliwa hilo.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliotaka hata mkate utozwe ushuru. Watoto wetu, ambao wengi hawakupiga kura 2022, walitoka barabarani. Juni 25 waliingia Bungeni, risasi zikafyatuliwa, kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tulidhani tumesikika. Julai 16 maandamano yalikuwa hapa kwetu, kwenye barabara ya Namanga, matairi yakiwaka, na mwandamanaji akapigwa risasi akafa.

Siku nane baadaye, Julai 24, Rais alitangaza mawaziri wapya. Vijana walikuwa wakidai serikali isiyo na wezi, isiyo na risasi, inayotumia kodi vizuri. Walichopewa ni watu wa Raila: Mbadi Hazina ya Kitaifa, Joho Madini, Oparanya Vyama vya Ushirika, Wandayi Kawi. Nani kati ya vijana hao aliomba hivyo? Bango lenye jina la Oparanya hatukuliona barabarani. Damu ilimwagika kwa jambo moja, ikalipiwa jambo lingine, na malipo yakapokelewa na watu ambao hawakuwa pale moshi ulipokuwa ukifuka.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, Agosti 19 ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa mchana hapa Kitengela, na mwanaharakati Bob Njagi naye akachukuliwa siku hiyo hiyo. Siku 32 hawakujulikana walipo. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi mara kadhaa, hakufika, akahukumiwa miezi sita kwa kudharau mahakama, kifungo ambacho hakukitumikia. Wakati huo upinzani ambao zamani ungewaka moto ulikuwa na mawaziri wanne wa kuwalinda. Wazazi wa hapa walijifunza kumuuliza kijana si anakwenda wapi tu, bali ameandika nini kwenye simu.

Uliza pia kusini, kwa wafugaji wa kaunti yetu ya Kajiado waliopoteza mifugo kwenye ukame wa 2022. Serikali ilipotangaza kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, watu walikataa kabla ya kuiona sindano. Huenda chanjo ilikuwa njema. Magonjwa ya mifugo yapo na yanaua. Lakini Rais aliyeahidi mengi akageuka, hata akikuletea dawa utamwuliza anauza nini.

Machi 7, 2025, pale KICC, Ruto na Raila walitia sahihi mkataba wa mambo kumi. Sisi tunakumbuka Ruto akizunguka nchi nzima akisema handisheki ya 2018 kati ya Raila na Rais wa wakati huo iliua upinzani. Alisema kweli, ndiyo maana tunashangaa. Kwenye mkataba kuna fidia kwa waliouawa na kuumizwa. Jopo la fidia hiyo likaundwa Agosti, mahakama ikalisimamisha Septemba, na Oktoba Raila akafariki. Chama chake sasa kinavutana kama kikae serikalini au kitoke. Mbadi, aliyekuwa akiikosoa bajeti, ndiye aliyeisoma Juni 2025.

Wanaotetea maridhiano hutuambia bila hayo nchi ingeungua. Labda. Hatutaki vita, tuna biashara za kufungua asubuhi. Lakini amani waliyoipata ni ya meza yao. Ushuru wa nyumba haukushuka hata senti kwa sababu ya mkataba huo, na waliofyatua risasi hapa Kitengela hatujaoneshwa kizimbani.

Kwa hiyo kijana wa Noonkopir, wa Isinya, wa Kajiado mjini, kelele za wantam, yaani Rais wa muhula mmoja tu, kwenye matatu ni tamu, ila hazihesabiwi. Usajili wa wapiga kura ulirejea Septemba 2025. Beba kitambulisho uende ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako. Kura ni Agosti 10, 2027, na anayekuja kuomba, wa serikali au wa upinzani, mwulize kwanza ataketi meza ya nani akishashinda.