Tanzania: umeme umefika kijijini, nani anaupima waya wa ardhi?

Katika vijiji vya Tanzania, ada ya kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000. Kiasi hicho kinaufikisha umeme kwenye mita ya LUKU. Kutoka hapo kwenda ndani, nyaya, soketi na ujira wa fundi ni juu ya mwenye nyumba, na ndipo hesabu ya usalama inapoanza kuyumba.

Kisheria, kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Saini yake hutangulia kabla TANESCO haijawasha umeme. Lakini saini haipimi kitu.

Chukua fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nyuma ya nyumba. Ikiwa ukinzani wake ni omu 100, hitilafu ya volti 230 itapitisha ampea 2.3 tu. Saketi breka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo. Jokofu lenye hitilafu litabaki na umeme kwenye bati lake, likisubiri mkono wa mtoto. Kinachookoa hapo ni kile kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30, nacho mara nyingi ndicho cha kwanza kuondolewa kwenye orodha ya manunuzi fedha zikipungua.

Udongo nao haudumu katika hali moja. Fimbo iliyopimwa wakati wa masika, ardhi ikiwa imelowa, hutoa jibu la kupendeza. Kiangazi kikishika, hasa katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida, ukinzani hupanda. Kwa hiyo fundi makini hupima wakati wa ukavu, au huchimbia fimbo kina zaidi.

Nyaya za kuingiza umeme hupimwa kabla ya kuwashwa, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Chombo hupeleka volti 500 za mkondo mnyoofu, na kiwango cha kimataifa hutaka ukinzani wa kihami usipungue megaomu 1. Ni kazi ya dakika chache, ila mwenye nyumba haioni, hivyo haidai.

Kwa Rwanda na Burundi, zinazogawana na Tanzania megawati 80 za Rusumo, suala ni lilelile mita inapofungwa. Mwenye nyumba anaweza kumwomba fundi namba mbili, ya fimbo na ya nyaya, ziandikwe pamoja na tarehe ya kipimo, kabla hajamlipa salio.